Kiti cha Heshima

Gari lilipozimika mara ya pili juu ya njia ya reli, Badibanga alifanya lile ambalo mkwe mwenye adabu hulifanya. Alishuka, akatembea hatua kumi na mbili kando ya barabara, akasimama mbele ya kichuguu na kukitazama kwa makini, kama mtu anayesoma tangazo la serikali.

Nyuma yake kulikuwa na kazi nzito ikiendelea, nayo hakuruhusiwa kuiona. Gari lilikuwa dogo, la mgongo wa kobe, lenye injini nyuma na milango miwili tu. Ili mtu wa nyuma atoke, sharti wa mbele atoke kwanza, kiti kikunjwe, kisha wa nyuma atoe kichwa, bega, mkono mmoja, na yaliyobaki yafuate kwa rehema ya Mungu. Wa mbele alikuwa mke wake Bilonda, mwenye mimba ya miezi minane. Wa nyuma alikuwa Mama Mbelu, mama mkwe, aliyetoka Luputa kuja kumpokea mjukuu wake wa kwanza; na Mungu alipomuumba Mama Mbelu hakuufanyia udongo ubahili.

"Mama, anza na muguu," Bilonda alikuwa akisema.

"Muguu gani?"

"Ule wa huku."

"Ule umelala."

"Basi uuamushe, mama, treni itatukuta hapa."

Badibanga alihesabu mchwa. Alikuwa ameamka saa kumi na moja kwa king'ora cha mgodi, akahesabu bolti katika stoo ya kampuni mpaka saa nane mchana, na sasa, Jumatano hiyo ya mwezi wa saba, yenye baridi na vumbi, alikuwa anahesabu mchwa. Hakuona tofauti kubwa.

Kwao Kasai mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali meza moja, wala hawarushiani maneno moja kwa moja. Neno hupitia kwa mke, hata kama wote watatu wamekaa ndani ya gari ambalo goti la mmoja linagusa kiti cha mwingine. Tangu Mama Mbelu ateremke kwenye treni, Badibanga alikuwa amekigeuza kile kioo kidogo cha dereva kikatazama juu, kwa hiyo alipoendesha aliona vizuri sana dari.

Hatimaye gari lilishusha pumzi. Sauti ya Mama Mbelu ikasikika, tulivu, ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Bilonda, ambia bwana yako. Hii motoka ilinikataa siku ya Mungu, batu bote ba misa banaona. Leo imenikataa tena. Mutu banamukataa mara mbili, anavumilia. Mara ya tatu anajua kama nyumba haimutaki. Siku ya tano unaenda kupimisha mimba: tutapanda. Ikizima tena, siku ya posho mi na weye tunapanda treni, na mutoto atazaliwa kwetu Luputa."

Siku ya tano ni Ijumaa, siku ya posho ni Jumamosi. Badibanga alihisi kichuguu kikimsogelea.

"Tata, umesikia?" Bilonda akauliza.

"Ambia mama nimesikia."

"Mama, amesikia."

"Nimesikia kama amesikia."

Alirudi kwenye usukani huku macho yake yakiwa mbinguni, akazungusha ufunguo. Injini iliwaka mara moja, kwa furaha, kama mwanafunzi aliyejifanya mgonjwa mpaka saa ya hesabu ikapita. Lakini Mama Mbelu alikataa kupanda tena. Akaenda kwa miguu, Bilonda kando yake, na Badibanga akawafuata na gari tupu kwa mwendo wa konokono mpaka nyumbani Dilala, mitaa mitatu mizima, kama msafara wa mazishi ya mtu asiyependwa sana. Watu walitoka kwenye vibaraza.

Gari hilo alilinunua majuma matatu yaliyopita kwa mwalimu mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Siku ya kumkabidhi ufunguo, mwalimu alitokwa na machozi. Badibanga alidhani ni mapenzi. Sasa alianza kufikiri upya.

Alilinunua kwa sababu moja tu: uchungu ukimshika Bilonda, asije akakimbia mtaani na viatu mkononi akitafuta gari la kuomba. Na sasa lile gari lenyewe ndilo lilikuwa linataka kumpeleka Bilonda Luputa. Likizo ya Badibanga kazini ilikuwa mwakani. Mtoto akizaliwa Luputa angemjua kwa picha, na siku watakayokutana mtoto angekuwa na meno, tena angelia kwa kumwona mwanamume asiyemfahamu.

"Tharcisse," Bilonda alimwambia jioni hiyo, mlango ukiwa umefungwa. Lilikuwa jina lake la ubatizo, na serikali, iliyoyapiga marufuku majina ya kizungu, ilikwisha kulifuta kwenye karatasi zote. Bilonda alilitoa tu mambo yalipokuwa mabaya. "Tharcisse, mi sitaki kwenda. Lakini mama akisimama, mi siweze kubakia nimekaa."

"Najua."

"Basi utengeneze motoka."

Alitaka kumjibu kwamba amelitengeneza mpaka amechoka, lakini hata kujibu kulitaka nguvu.

Maana tiba zilikwisha kufanyika. Fundi Numbi, mtu wa Manono, mwembamba kama waya wa baiskeli, alikuwa amebadilisha buji zote nne, zile plagi za kutoa cheche. Alikuwa amefungua karburateri na kuiosha kama sahani ya sikukuu. Alikuwa amepuliza bomba la petroli kwa mdomo wake mwenyewe, akatema, akasema petroli ni nzuri. Baada ya kila tiba walikaa mbele, yeye na Badibanga, wakazunguka Dilala yote, wakapita juu ya reli ileile mara tatu, kwenda na kurudi, na injini iliimba kama kwaya ya Pasaka.

"Injini haina ugonjwa, tata," Numbi alikuwa amesema. "Ugonjwa uko kwako."

Jirani, Tata Kalala, hakuhitaji kufungua injini ili kujua. Alikuwa mpishi katika kantini ya wachimbaji, na alionja kila sufuria mara nne, kwa hiyo ukuta mfupi kati ya nyua zao ulilalamika kila alipouegemea kutoa mawaidha.

"Badibanga, we uko na masomo lakini hauna akili. Unabeba mama mukwe ku mugongo! Bankambo, bale bazee ba zamani balikufa, njo banasimamisha ile motoka. Toa mbuzi."

"Bankambo banajua motoka?"

"Banajua mama mukwe."

Mtu aliyechoka sana hukubali shauri lolote lisilohitaji kufikiri. Badibanga alikwenda na gari hadi kwa wauza mbuzi, njia ya Mutshatsha, akarudi na dume jeupe lililosimama nyuma yake upande wa kushoto, likimpumulia shingoni na kula mkanda wa dirisha. Gari halikukohoa hata mara moja. Mbuzi alipokewa kwa heshima, na kwa njia ya Bilonda jibu likaja: "Mama anasema aksanti. Anasema mbuzi ni mbuzi, na motoka ni motoka."

Alhamisi saa tisa alasiri Numbi alikuja na mfuko wake wa funguo. Alifungua kifuniko cha nyuma, akaisikiliza injini kwa sikio la kulia, kisha la kushoto. Akaivuta waya hii na ile. Walizunguka mtaa, wakarudi. Injini ilikuwa na afya ya kuudhi. Numbi alikaa chini kwenye ngazi ya mlango, akaomba maji, na Badibanga akakaa kando yake, wote wawili kama watu waliofiwa na mtu mmoja.

Numbi alikunywa taratibu, macho yake yakitangatanga uani. Kisha kikombe kikasimama njiani.

"Tata Badibanga, kile kikwembe ni ya nani?"

Badibanga aliinua macho haraka kwenye paa. Nguo ya mama mkwe kwenye kamba ni sehemu ya mama mkwe. Wiki nzima alikuwa akiingia nyumbani kwake kwa kuzunguka upande wa choo ili asipite karibu na kamba hiyo.

"Siyui. Siiangaliake."

"Iangalie."

"Siweze."

"Iko na matundu."

"Numbi, nakuomba."

"Matundu ine kwa laini moja. Na ile ya kando yake vilevile, palepale. Hapana panya hii. Ni moto."

Bilonda alitokea mlangoni akijishika kiuno. "Ni ya mama. Nilifikiri ni cheche ya makala ya mbabula pale jikoni inarukaruka."

"Mama anakaliaka mbabula?" Numbi aliuliza, kwa upole, kama daktari.

Bilonda akauma mdomo. Numbi akamgeukia Badibanga.

"Kila mara motoka inazima, nani anakaa nyuma?"

"Mutu."

"Mutu gani?"

"Mutu wa heshima," Badibanga aliliambia paa.

"Ah. Upande gani?"

"Upande wa kuume. Mi naendesha kushoto. Kule njo mbali na mi. Ningemuweka nyuma ya mugongo yangu?"

"Na mbuzi alikaa wapi?"

"Kushoto."

Numbi aliweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa. Tangu Jumapili yeye na Badibanga walikuwa wamekaa viti vya mbele wakilipeleleza gari, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuweka matako yake pale ugonjwa ulipokuwa unatokea. Alikwenda, akakunja kiti cha mbele, akajipenyeza, akakishika kiti cha nyuma kwa mikono miwili na kuking'oa.

Harufu ya nyuzi zilizoungua ikatoka.

Pale chini, upande wa kuume, ndipo bateri ya gari hilo hukaa. Bateri yake halali ni fupi na huvaa kifuniko. Hii ilikuwa ndefu, ya lori, imechomekwa kwa nguvu mahali pasipo pake, bila kifuniko, na pembe zake mbili za risasi zilisimama wima zikingoja. Numbi alikipindua kiti. Spiringi zake zilikuwa nyeusi mahali pamoja, na nyuzi zilizozizunguka zilikuwa zimeliwa na moto mpaka karibu na kitambaa cha juu.

"Angalia sasa," alisema. "Hii unaweza kuangalia, haina mama ya mutu. Mutu anakaa, spiringi inashuka. Motoka inaruka ku reli, spiringi inashuka tena, inagusa hizi pembe. Umeme yote inakimbilia hapa, injini inabakia na njaa, inakufa. Mutu anatoka, spiringi inapanda, injini inafufuka. Mwalimu yako alikuwa mutu wa kuishi peke yake, eeh?"

"Peke yake. Na paka."

"Paka ni mwepesi."

Badibanga alilitazama lile doa jeusi. Kwanza alihisi faraja, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Kisha hesabu nyingine ikaja yenyewe. Jumapili, kutoka kanisani. Jumatano, kutoka sokoni.

"Nilikuwa namuchoma," alinong'ona. "Numbi. Mama mukwe. Nilikuwa namuchoma kama mahindi."

"Kwanza tuhakikishe," alisema Numbi, ambaye alikuwa mtu wa sayansi. Alirudisha kiti, akakikalia, akarukaruka. Hakikutokea kitu, spiringi hazikumtambua. Badibanga naye akajaribu, akashindwa vilevile. Wakatazamana. Kisha, pole pole, wakageuka kuutazama ukuta mfupi, ambao wakati huo ulikuwa umeanza kulalamika.

"Nimesema ni bankambo," Tata Kalala alikuwa akisema. "Mbuzi mumoja haitoshe."

"Tata Kalala," Numbi akamwita, "kuya utusaidie na akili. Sisi ni watoto."

Tata Kalala hakuwa mtu wa kuombwa akili mara mbili. Alizunguka, akaingizwa kiti cha nyuma upande wa kuume kwa kusukumwa na kuvutwa, akakaa kama askofu. Numbi akawasha injini.

"Ruka kidogo, tata. Kama vile uko ku barabara mubaya."

Tata Kalala akaruka kidogo. Kulisikika mlio mdogo, kama mafuta yanapopokea samaki. Injini ikafa. Na mlango uleule uliomgharimu Mama Mbelu robo saa nzima na maombi, Tata Kalala aliupita kabla mtu hajapepesa jicho.

"Bankambo?" Numbi akauliza.

"Hapana bankambo! Moto! Moto ku..." Akamwona Bilonda. Akajishika nyuma kwa mikono miwili, akatafuta neno la adabu, asilipate. "Moto kule."

Nyuma ya pazia la dirisha la jikoni mtu akacheka. Kilikuwa kicheko kimoja tu, kizito, kikakatwa mara. Badibanga akarudisha macho yake kwenye paa.

Tiba yenyewe haikuchukua nusu saa. Numbi alikwenda kwa mshona ndala wa mtaa wa pili, akarudi na kipande cha mpira mnene wa ule mkanda unaobeba mawe mgodini, ambao ukichakaa watu huukata viatu. Akaulaza juu ya bateri, akaufunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, akarudisha kiti na kukipiga kofi.

"Sasa hata tembo akae."

Neno lilipotoka, wote wawili walilitazama lile pazia.

"Tembo wa heshima," Numbi aliongeza, akakusanya funguo zake upesi.

Ikabaki shida moja, ambayo Numbi hakuwa na ufunguo wake. Mama Mbelu angeambiwa nini? Kumwambia kwamba gari lilizimika kwa uzito wake ilikuwa kumtukana. Kumwambia kwamba mkwe wake alimkalisha juu ya moto mara mbili ilikuwa kumkatia tiketi ya treni.

"Sema ilikuwa karburateri," Badibanga alimwambia mkewe jikoni, akisinzia juu ya sahani ya bukari, ugali wa huko.

"Nimuambie mama bongo? Nimudanganye?"

"Basi usiseme kitu."

"Na wewe?"

"Mi sisemeshake mama yako," alisema Badibanga, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alishukuru desturi za wazee.

Ijumaa saa tisa walipanda. Badibanga alisimama uani akiusoma ukuta wa Tata Kalala mpaka kiti cha nyuma kilipolia na mlango ukafungwa. Akaingia, akatazama mbele, akawasha. Kiti hakikutoa harufu. Lakini walikuwa bado pale uani, na uani hapakuwa na reli.

Kwenye reli wakakuta treni. Si ya abiria. Ilikuwa ya shaba, ndefu, inapita kwa uvivu wa kitu kinachojua kwamba nchi nzima inakingoja. Badibanga aliacha injini ikinguruma. Behewa lilifuata behewa. Aliisikiliza injini kama Numbi, kwa sikio la kulia, kisha la kushoto, na nyuma yake mtu wa heshima alikuwa anapumua. Kama kuna ugonjwa mwingine, aliwaza, uje sasa. Mi sina nguvu ya kuungoja mpaka upande wa pili.

Behewa la mwisho likapita. Akatia gia. Gurudumu la mbele likapanda reli ya kwanza, likashuka, la nyuma likafuata, gari likaruka, spiringi zikalia kwa sauti kubwa.

Injini ikaendelea.

Reli ya pili. Ikaendelea. Walikuwa wamefika upande wa pili, kile kichuguu kikapita dirishani, Badibanga hakukitazama.

Walikwenda mwendo wa nyumba kumi hivi.

"Bilonda," sauti ya nyuma ikasema, "ambia bwana yako: leo kiti ni baridi."

"Tata, mama anasema leo kiti ni baridi."

"Nimesikia," alisema Badibanga. Masikio yake yalikuwa yamewaka. "Muulize mama... muulize ju ya nini hakusema."

"Mama, anauliza ju ya nini haukusema."

"Ningesema namna gani? Ningetuma neno kwa mukwe wangu: uangalie mahali mi naungua? Nilifikiri ni vile bamotoka ya huku Katanga. Nimeambiwa injini iko nyuma. Basi nikasema, wa nyuma njo anapashwa moto. Muulize na yeye. Ju ya nini hakugeuka hata mara moja kuangalia?"

"Ningegeuka namna gani, mama!" alisema Badibanga.

Neno lilikwisha kutoka, na halikupita kwa Bilonda. Lilikwenda moja kwa moja nyuma, uchi, kama mtoto anayekimbia kuogeshwa. Bilonda alishika tumbo lake. Gari lilikwenda. Badibanga alitazama barabara na kuiona Luputa mwisho wake.

"Bilonda," sauti ya nyuma ikasema, "mi sikusikia kitu."

"Ndiyo, mama."

"Na ambia bwana yako arudishe kile kioo. Iko lori nyuma yetu inapiga honi tangu ku reli, hajui. Atatuua na heshima. Mi nitajifunika."

Kitambaa kilivutwa. Badibanga alingoja, kisha akakishika kioo kwa vidole viwili na kukigeuza. Aliona barabara, vumbi, na uso wa lori uliojaa hasira. Na chini kabisa, kwenye pembe, mlima wa kikwembe cha buluu chenye maua, umetulia kama meza iliyofunikwa kungoja wageni. Alisogea kando, lori likapita likitukana.

Mbele ya mlango wa materniti alisimamisha gari. Hakuthubutu kuuliza. Alimtazama Bilonda, na Bilonda, bila kugeuka, akauliza kwa niaba yake.

"Mama, na siku ya posho?"

"Siku ya posho nini? Nitapanda treni na bikwembe ya matundu, batu ba Luputa baone? Hapana. Mi nangojea mutoto wangu hapa." Kiti kikalia, alikuwa ameanza kujisogeza kuelekea mlangoni. "Na ule mbuzi auzwe. Amekula ile kikwembe moja iliyobakia nzima."

Kazi ya kutoka ikaanza. Bilonda alishuka, kiti kikakunjwa, majadiliano kuhusu mguu upi utangulie yakafunguliwa. Badibanga alitafuta kitu cha kutazama. Hapakuwa na kichuguu hapo. Akaweka kipaji cha uso juu ya usukani na kufumba macho, na kabla mguu wa pili haujagusa ardhi alikuwa amelala.